Shujaa Aliyejiandikia Bei

Katika mahakama ya San Diego, jimbo la California, waendesha mashitaka waliwahi kuwasilisha kikaratasi kimoja ambacho natamani kila mtu aliyekabidhiwa mali ya wenzake akione. Ni karatasi ya ofisini, yenye nembo ya Bunge la Marekani juu yake. Chini ya nembo kuna safu mbili za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Safu ya kushoto ni thamani ya mikataba ya serikali, kwa mamilioni ya dola. Safu ya kulia ni kile anachotaka mbunge ili mikataba hiyo ipatikane. Mstari wa kwanza una 16 upande huu, na upande wa pili herufi BT na 140. Maana yake: ukitaka mkataba wa milioni 16, nipe hati ya boti uliyoinunua kwa dola 140,000. Baada ya hapo, kila milioni inayoongezeka ina bei yake, dola 50,000. Ukifika milioni 20 bei inashuka hadi 25,000 kwa kila milioni, kama mteja wa jumla anavyopunguziwa.

Aliyeandika karatasi hiyo ni Randy Cunningham, ambaye watu walimzoea kwa jina la Duke. Nimekuwa nikiisoma habari yake kwa muda mrefu, na kila nikiirudia najiuliza swali lile lile: mimi ningesimama wapi?

Maana huyu hakuwa mtu wa hovyo. Alizaliwa Los Angeles Desemba 1941, akakulia katika mji mdogo wa Shelbina, Missouri. Alikuwa mwalimu wa kuogelea kabla ya kujiunga na Jeshi la Majini mwaka 1967 na kuwa rubani wa ndege za kivita. Tarehe 10 Mei 1972, akirusha F-4 Phantom kutoka manowari ya USS Constellation, yeye na mwenzake William Driscoll aliyekaa kiti cha nyuma kwenye rada waliangusha ndege tatu za MiG kwa siku moja. Walikuwa wameshaangusha mbili kabla ya hapo. Rubani akifikisha tano huhesabiwa bingwa wa mapigano ya angani, na katika vita vya Vietnam hao wawili ndio Wamarekani wa kwanza kufika hapo. Wakati wa kurudi, kombora likaipata ndege yao. Wakahangaika nayo ikiwa inawaka mpaka wakaiona bahari, ndipo wakaruka kwa miamvuli, na helikopta zikaja kuwaokoa majini. Cunningham alitunukiwa Msalaba wa Jeshi la Majini, na baadaye akawa mwalimu wa marubani katika shule ya Topgun pale Miramar.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu naamini tatizo lilianzia hapa. Mtu akishapita mtihani mkubwa mmoja, sisi tunaomzunguka tunampa cheti cha mitihani yote, naye anakipokea. Aliyekubali kuungua ndani ya ndege kwa ajili ya nchi yake, nani atamwuliza habari za kabati na zulia alivyopewa na watu? Lakini ujasiri wa kwenye kombora ni kitu kimoja, na kukataa zawadi ya rafiki mezani ni kitu kingine kabisa. Cha pili hakina nishani, na hakuna anayekupigia makofi ukikifanya.

Mwaka 1990 aligombea ubunge dhidi ya Jim Bates, ambaye kamati ya maadili ya Bunge ilikuwa imemkaripia kwa mwenendo wake wa kuwadhalilisha kijinsia wanawake waliofanya kazi ofisini kwake. Cunningham alijinadi kuwa mbunge ambaye watu wa San Diego wangeweza kujivunia, wakamchagua. Aliingia kwa kunyooshea kidole dhambi ya mwenzake. Nawasihi wenzangu tunaopenda kusema juu ya wengine tukumbuke jambo hili.

Kule Bungeni alipata nafasi katika kamati ya matumizi ya serikali, kwenye kamati yake ndogo ya ulinzi. Ni vizuri tuelewe nafasi hiyo ilikuwa na nguvu gani. Mbunge wa kamati ile aliweza kuchomeka mstari mmoja katika bajeti kubwa ya jeshi, mstari unaoelekeza fedha kwenye mradi fulani, hata kama jeshi lenyewe halikuuomba. Bajeti ina maelfu ya mistari. Baadhi yake, ile ya mambo ya ujasusi, ni siri, kwa hiyo macho yanayoisoma ni machache zaidi. Mwenye kampuni akimpata mtu mmoja pale ndani, amepata mlango.

Wenye kampuni wawili wakaupata. Mmoja ni Brent Wilkes, ambaye kampuni yake ya ADCS ilikuwa ikigeuza nyaraka za karatasi kuwa za kompyuta. Wa pili ni Mitchell Wade, mwenye kampuni ya MZM iliyotafuta kazi za kijasusi na za teknolojia kwa Wizara ya Ulinzi. Mbunge akawa anasukuma fedha kuelekea kwao, na wao wakawa wanamlipia. Walimlipia chakula hotelini, safari, samani za kale za Kifaransa, mazulia, hata gari la Rolls-Royce. Wade akanunua boti, ikafungwa gatini mjini Washington, na Cunningham akawa anaishi humo bila kulipa kodi. Boti iliitwa Duke-Stir, jina lenye lakabu yake ndani.

Hebu tusimame kwenye boti hii kidogo. Mshahara wa mbunge wa Marekani mwaka 2005 ulikuwa dola 162,100, na kila mtu aliujua kwa kuwa ni jambo la wazi. Boti ilikuwa gatini mchana kweupe. Wabunge wenzake walijua anaishi wapi. Ishara haikufichwa chini ya godoro, ilikuwa inaelea majini ikiwa na jina lake. Na bado mwaka 2004 alichaguliwa tena, kamati ikaendelea kumpa kiti, na maisha yakaendelea. Nadhani watu wengi waliona, ila kila mmoja alidhani yupo mwingine ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kisha ikaja nyumba. Novemba 2003 Cunningham aliiuza nyumba yake ya Del Mar kwa dola 1,675,000. Mnunuzi alikuwa kampuni yenye jina la anwani ya mtaa mmoja wa Washington, na anwani hiyo ilikuwa ya ofisi za MZM. Wade hakuihitaji nyumba ile. Aliiweka sokoni, ikakaa miezi mingi bila mteja, hatimaye ikauzwa kwa dola 975,000. Hasara ya dola 700,000, katika kipindi ambacho bei za nyumba za California zilikuwa zinapanda. Mbunge naye kwa fedha zile akahamia kwenye jumba la dola milioni 2.55 huko Rancho Santa Fe.

Haikuwa polisi wala kamati ya maadili iliyoligundua jambo hili. Ni mwandishi wa habari, Marcus Stern, ambaye alishangazwa na safari za mbunge huyo kwenda Saudi Arabia, akaamua kumchunguza kidogo. Akafungua kumbukumbu za mauzo ya nyumba, ambazo mwananchi yeyote angeweza kuzisoma. Bei ya kwanza, bei ya pili, jina la mnunuzi. Habari ilitoka kwenye gazeti la San Diego Union-Tribune tarehe 12 Juni 2005, na mwaka uliofuata gazeti hilo na shirika lake la habari la Copley wakapata Tuzo ya Pulitzer. Kumbukumbu zile zilikuwa zimekaa kwenye faili mwaka mmoja na nusu, zikisubiri mtu wa kuzisoma.

Naomba nisimulie langu, maana sitaki msomaji afikiri ninamtazama Cunningham kutoka juu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa madarasa kwenye shule ya mtaani kwetu. Karibu na Idi, muuza mabati mmoja akapitisha nyumbani kwangu mfuko wa mchele na dumu la mafuta. "Hii ni ya watoto tu, ndugu katibu," akasema. Nikamshukuru kwa moyo mweupe. Hakuomba chochote. Wiki chache baadaye tukafungua bei za wauzaji watatu, na yake ilikuwa juu. Nikajikuta nimeanza kueleza kwamba bati lake ni zito, kwamba huleta mzigo kwa wakati, kwamba rahisi ni ghali. Mama mmoja mtu mzima kwenye kamati alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mbona unamtetea kuliko ambavyo angejitetea mwenyewe?"

Ulimi uliniganda. Mpaka dakika ile sikuwa nimeuona uhusiano kati ya mchele na maneno yangu. Naapa sikuwa nimeuona. Nikawaeleza wajumbe habari ya ule mfuko, nikatoka nje wakaamua bila mimi, na mchele ulioliwa nikaulipia kwenye mfuko wa kamati. Tangu siku hiyo ninapoisoma karatasi ya safu mbili sioni mtu wa ajabu. Naona mahali ambapo njia ile inafika, mtu asipokutana na mama wa kumwuliza.

Cunningham hakumpata mtu wa namna hiyo, au alimpata akampuuza. Hata habari ilipotoka gazetini bado alikuwa na nafasi ya kusema kweli yote. Alichosema ni kwamba alikosea katika kupima mambo, lakini hakufanya lolote la kuvunja sheria. Tuiogope sana kauli ya namna hii, ungamo la nusu. Inampa mtu nafuu ya kuonekana mnyenyekevu huku ikimruhusu kuendelea kushikilia alichoiba. Julai maofisa wa upelelezi wakaipekua nyumba, boti na ofisi za MZM. Wiki mbili baadaye akatangaza kwamba hatagombea tena. Bado hakukiri.

Alikiri tarehe 28 Novemba 2005, alipokuwa hana pa kutokea: kula njama ya kupokea rushwa, udanganyifu, na kukwepa kodi. Jumla ya alichopokea ilikuwa angalau dola milioni 2.4. Alitoka nje ya mahakama akasoma tamko lake huku akilia, akikubali kwamba alivunja sheria, akaficha aliyoyafanya, na akakiaibisha cheo alichopewa. Siku hiyo hiyo akajiuzulu ubunge.

Tarehe 3 Machi 2006 Jaji Larry Burns alimhukumu kifungo cha miaka 8 na miezi 4, kirefu kuliko chochote ambacho mbunge wa Marekani alikuwa amepewa kwa makosa ya rushwa hadi wakati ule, pamoja na kurejesha dola milioni 1.8. Mawakili wake walikuwa wameieleza mahakama habari za Vietnam, na jaji alizipa uzito. Lakini alimkumbusha pia kwamba alipoyafanya haya hakuwa amelowa, hakuwa akitetemeka kwa baridi, hakuwa na njaa, na bado aliyafanya. Ukiikumbuka siku ya bahari, miamvuli na helikopta, unaelewa kwa nini maneno hayo yalikuwa mazito. Mtu huyu alipokuwa na kila sababu ya kuvunjika, hakuvunjika. Alivunjika akiwa ameshiba, amekaa kwenye kiti laini ambacho hakukilipia.

Wilkes alihukumiwa miaka 12. Wade, aliyekiri na kuwasaidia wapelelezi, alipata miaka miwili na nusu. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria inayomnyima pensheni ya ubunge atakayepatikana na hatia ya makosa kama haya. Cunningham alitoka kifungoni mwaka 2013, akaenda kuishi Arkansas. Januari 2021, siku ya mwisho ya urais wake wa kwanza, Donald Trump alimpa msamaha wenye masharti. Adhabu ikasamehewa, ila ile karatasi yenye nembo imebaki kwenye kumbukumbu za kesi, na mwandiko ni wake.

Ndugu msomaji, huenda wewe si mbunge. Huenda ni mweka hazina wa kikundi, mjumbe wa bodi ya shule, karani wa ghala, au mtu wa kupitisha vibali tu. Nakuomba leo jioni uangalie ndani ya nyumba yako. Ukikuta kitu kilichotoka kwa mtu anayesubiri saini yako, kirudishe, na kesho uwaambie wenzako kwamba kilikuwepo.