Andika Marejeleo Kitabu Kikiwa Mkononi

Wanangu na wajukuu zangu wa Tawa, ninyi mnaosoma Machakos, Kwa Vonza, Nairobi na kwingineko, kazi zenu nazisoma kwa furaha. Mnaandika juu ya matuta ya Mbooni, juu ya ukame, ndoa za Kikamba na dini ya wazee wetu. Lakini nikifika kwenye marejeleo, moyo huniuma. Kitabu hiki hakina mwaka, kile kimepewa mwaka usio wake, na kingine kimeandikwa kwa namna ambayo hata mkutubi mzoefu hawezi kukipata. Najua sababu. Wengi wenu huyaandika usiku wa mwisho, kwa kunakili orodha ya mwanafunzi aliyetangulia. Msifanye hivyo tena. Marejeleo ya kitabu huandikwa kitabu kikiwa mkononi, siku ile ile unapokisoma.

Usiyachukue kwenye jalada, kwa maana jalada hutengenezwa kuvutia mnunuzi. Fungua ndani, kwenye ukurasa wenye jina kamili la kitabu, kisha geuza uone nyuma yake, penye hakimiliki. Hapo utapata mwandishi, kichwa cha kitabu pamoja na kichwa chake kidogo, toleo, mwaka na mchapishaji. Ukiona miaka mingi imepangwa, uwe mwangalifu. Kitabu kikichapwa tena na mchapishaji yule yule bila kubadilishwa, hiyo ni chapa mpya tu, na mwaka wa kuandika ni ule wa toleo. Kikisahihishwa au kuongezwa, hilo ni toleo jipya, na lazima ulitaje.

Chukueni mfano wa mtu wa kwetu, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Karibu kila anayeandika juu ya dini za Afrika humtaja. Kitabu chake African Religions and Philosophy kilitolewa na Heinemann mwaka 1969, na mwaka 1990 likaja toleo la pili, lililosahihishwa na kupanuliwa. Sasa mwanafunzi anasoma toleo la 1990 maktabani, ananukuu hoja ya Mbiti kuhusu wakati, yaani Sasa na Zamani, anaweka nambari ya ukurasa alioushika, halafu kwenye orodha anaandika 1969 kwa sababu ndivyo alivyoona kwa wenzake. Msomaji anayefuata anafungua kitabu cha 1969 kwenye ukurasa huo na hoja haipo. Atafikiri nini? Atafikiri umemsingizia Mbiti. Kwa mtindo wa APA, ambao vyuo vingi hapa kwetu huutumia, ilipasa kuwa hivi: Mbiti, J. S. (1990). African religions and philosophy (toleo la 2). Heinemann. Kichwa cha kitabu huwekwa kwa herufi za mlazo. Ni mstari mmoja, na hauchukui hata dakika mbili.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la kumtaja Krapf. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Ukambani mwaka 1849 na akakutana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Habari za safari zake zilitoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 1858, kisha kwa Kiingereza mjini London mwaka 1860. Mwaka 1968 kampuni ya Frank Cass ikakichapa upya kile cha Kiingereza. Basi nasoma katika tasnifu: “Krapf (1968) anasema Wakamba wanafanya biashara ya pembe za ndovu hadi pwani.” Krapf alifariki mwaka 1881! Msomaji asiyejua atadhani ni mtafiti wa miaka ya baada ya uhuru, na ushahidi wa karne ya 19 utageuka kuwa habari za juzi. Ndani ya maandishi weka miaka yote miwili, (Krapf, 1860/1968). Kwenye orodha weka 1968, na mwishoni ueleze kwamba kazi ya awali ilichapishwa mwaka 1860. Kwa historia yetu, ambayo vitabu vyake vya zamani ni vichache, miaka hiyo miwili ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa Lindblom, Mswidi aliyeandika The Akamba in British East Africa. Toleo la kwanza ni la 1916, la pili ni la 1920. Ukimkuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine na hujamsoma mwenyewe, sema wazi kwamba umempata humo, na kwenye orodha uweke kile kitabu ulichokishika. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kudai umesoma usichokisoma.

Kuna kitabu kingine ambacho kila mtoto wa Tawa anayesoma kilimo au mazingira angepaswa kukijua, More People, Less Erosion, kilichotolewa mwaka 1994. Kinaeleza jinsi watu wa wilaya ya Machakos, ambayo katika miaka iliyochunguzwa ilikuwa na Makueni ndani yake, walivyoyaokoa mashamba yao yaliyokuwa yakimomonyoka. Waandishi ni watatu: Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki. Katika maandishi yako unaruhusiwa kusema “Tiffen na wenzake”. Kwenye orodha ya APA huruhusiwi. Huko majina yote matatu huandikwa, kwa mpangilio ule ule wa kitabu, na ukimkata Gichuki umemfuta Mkenya kwenye kazi iliyohusu ardhi ya Wakenya. Nimeona akifutwa mara nyingi mno.

Nije kwenye kamusi na ensaiklopidia, maana huko ndiko mnakozembea kabisa. Mtu anaandika “Kamusi” peke yake, au “Kamusi ya Kiswahili Sanifu” bila neno zaidi. Ipi? Toleo la kwanza la taasisi ya TUKI lilitoka mwaka 1981, la pili 2004, la tatu 2013, na fasili za maneno hazikubaki zile zile. Mwandishi hapo ni taasisi, kwa hiyo jina lake lianze, kisha mwaka, neno ulilolitafuta, jina la kamusi, toleo na ukurasa. Kama umeisoma kwenye intaneti, weka anwani yake, na kama maandishi yake hubadilishwa mara kwa mara, ongeza tarehe uliyoisoma.

Ensaiklopidia ina mtego wake. Katika Dictionary of African Biography ya mwaka 2012, wahariri ni Akyeampong na Gates, lakini kila makala ina mtu aliyeiandika na jina lake limewekwa. Huyo ndiye aanze kwenye marejeleo yako. Wahariri hufuata baada ya kichwa cha makala. Vivyo hivyo kwa juzuu za UNESCO za historia ya Afrika: juzuu ya tano ilihaririwa na Bethwell Ogot, lakini sura zake ni za wataalamu wengi.

Majina ya kwetu nayo yana haki yake. Ngũgĩ wa Thiong'o hupangwa chini ya N, kwa sababu Thiong'o ni baba yake, si jina la ukoo kama la Wazungu. Alama zilizo juu ya ĩ na ũ zisiachwe. Mbiti aliandika Mũtũnga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na anayekitafuta anastahili kukiona kwa herufi zake. Tarakilishi zote za leo zinaweza kuziandika.

Kuhusu mtindo, fuateni ule ambao idara yenu imewapa, uwe APA, MLA au Chicago, na msichanganye. Tangu toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, APA haidai tena mji wa uchapishaji. Hata hivyo nawashauri muuandike daftarini, kwani siku moja utaombwa mtindo unaoudai na kitabu kitakuwa kimerudishwa.

Na hili nawasihi kwa dhati. Programu za akili unde zinaweza kukutungia marejeleo mazuri ya kitabu ambacho hakijawahi kuwepo, mwandishi wake akiwa mtu halisi na mchapishaji akiwa halisi pia. Usiweke kwenye orodha yako kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakifungua. Nani atakutetea mbele ya watahini ukiulizwa umekipata wapi? Yule kati yenu anayekabidhi kazi mwezi ujao aanze leo jioni, na kitabu kilicho karibu naye zaidi.