Mwili wa Nani Uwe Daftari?

Kila fundi alipata kuwa mwanagenzi, na kila mwanagenzi hukosea. Seremala akikosea huharibu ubao, mshonaji akikosea huharibu kitambaa, na hasara hiyo hulipwa kwa fedha na kwa aibu kidogo. Daktari mpasuaji yu katika hali nyingine, kwa kuwa kitambaa chake ni mtu. Waarabu wana methali juu ya yule ajifunzaye kuumika juu ya vichwa vya mayatima. Methali hiyo haikuwataja mayatima bure. Imewataja kwa sababu hawana baba atakayekuja kuuliza habari ya majeraha yao. Swali lililo ndani yake ni la zamani, nalo limeamshwa upya siku hizi na chombo kipya, yaani miwani ambayo ndani yake mwanagenzi wa upasuaji aweza kukata mfupa usiokuwapo.

Kabla ya kuizungumza miwani hiyo nataka kwenda Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Alikaa huko mtu aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, kisha akapelekwa Malta kusoma uganga wa kizungu. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Malta ilimpa elimu, walakini hapana chuo kinachomaliza kumfundisha daktari. Kila ugonjwa ambao hakupata kuuona Malta hapana budi aliuona kwa mara ya kwanza katika mwili wa mvuvi au mkulima wa Karema, wala hapakuwa na mkubwa wake wa kazi wa kusimama nyuma ya bega lake na kumwambia, ngoja, si hapo.

Je, wale wagonjwa wa kwanza walidhulumiwa? Sidhani. Mkono usiozoea ulisimama mahali ambapo pasingekuwa na mkono wowote, na mgonjwa aliyeukataa hakuwa na mwingine wa kuuendea. Hoja hiyo hiyo yawatetea madaktari wasaidizi ambao Tanganyika ilianza kuwafundisha mwaka 1963, nchi ilipokuwa na madaktari wachache mno. Walipewa elimu ya miaka michache, wakapelekwa wilayani, wakapasua matumbo ya akina mama waliokuwa karibu kufa kwa uzazi. Wengi wao walijifunza kwa kutenda, na watu wengi wanaishi leo kwa sababu walithubutu. Basi nakiri tangu mwanzo kwamba kujifunza juu ya mgonjwa si uovu kwa asili yake, kwa kuwa ulazima huhalalisha mengi. Ninalouliza ni hili: ulazima ukiondoka, kibali chake hubaki?

Katika upasuaji wa viungo ulazima huo ulikuwa mkubwa. Kubadili nyonga ni kazi ya nguvu na ya vipimo kwa pamoja. Kichwa cha mfupa wa paja hukatwa kwa msumeno, shina la chuma hupigiliwa ndani ya mfupa, na kikombe huwekwa katika tundu la nyonga. Kikombe kikielekea upande usio wake kwa nyuzi chache tu, kiungo chaweza kuchomoka siku mgonjwa anapoinama kufunga kiatu. Mwingereza John Charnley, aliyeifanya kazi hii iaminike katika hospitali ya Wrightington, alianza kwa vikombe vya plastiki iitwayo Tefloni. Wagonjwa walifurahi na kutembea. Baada ya miaka michache plastiki ile ililika, na vumbi lake likawaumiza, ikabidi wapasuliwe tena. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, na njia yake ikaenea duniani. Lakini jambo nilipendalo katika habari yake ni dogo. Alipotaka kujua plastiki hizo zinautendaje mwili, alizitia katika paja lake mwenyewe. Hakurudisha kwa hilo maumivu ya waliotangulia, wala sisemi kila daktari ajipasue. Nasema alitambua kwamba deni lipo na kwamba mdeni ni yeye.

Sasa miwani. Mwanagenzi aivaaye haoni tena chumba alichosimama. Huona meza ya upasuaji, mgonjwa aliyelazwa, na nyonga iliyokwisha kufunguliwa. Vishikio viwili mikononi mwake hugeuka kuwa msumeno, nyundo na kekee. Akikata pasipo pake hapana damu wala kilio. Huonyeshwa kosa, naye huanza tena, mara kumi akitaka, au usiku wa manane. Hii huitwa uhalisia pepe. Nduguye, uhalisia ulioongezwa, hutumia kioo kinachopitisha nuru: mpasuaji humwona mgonjwa wa kweli, na juu ya mwili wake huona mistari inayomwongoza. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya wanagenzi 24 walioshindanishwa huko London. Nusu walijizoeza nyonga kwa miwani muda wa wiki sita, nusu walijitayarisha kwa njia ya kawaida, kisha wote wakapimwa juu ya maiti. Waliotumia miwani walikosea mwelekeo wa kikombe kwa nyuzi 4 kwa wastani, na wenzao kwa nyuzi 16. Mwaka huo huo ilitangazwa pia kazi ya Lusaka, kwa jirani zetu wa Zambia, ambako miwani ya bei nafuu ilitumiwa kuwafundisha madaktari upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao.

Ikiwa ni hivyo, basi makosa yale ya mwanzo, yale yatokanayo na kutojua kinachofuata, yamepata mahali pengine pa kutendeka. Mwalimu ampaye mwanagenzi mgonjwa kabla ya kumpa miwani, hali miwani ipo kabatini, hana tena utetezi wa Karema. Anachagua, na mtu huulizwa juu ya alichochagua.

Hata hivyo sina budi kuitilia miwani yenyewe mashaka, kwa kuwa picha hufundisha ilichochorewa. Nyonga iliyomo ndani yake aghalabu ni ya mzee wa Ulaya ambaye gegedu lake limelika kwa umri. Kwetu wamo wazee wa namna hiyo, lakini wamo na vijana. Yakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka Tanzania na ugonjwa wa selimundu, na baadhi yao, wakifika ujana, kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu. Mfupa wa namna hiyo huweza kuwa mgumu kama jiwe, na uwazi wake wa ndani mwembamba au umezibika. Anayepigilia shina kama alivyozoea hupasua paja. Yako na mambo ya maisha. Mgonjwa wa Lancashire huketi kitini. Mgonjwa wa Mpanda huketi mkekani, huchuchumaa chooni, na akiwa Mwislamu husujudu mara nyingi kwa siku. Kikombe kilichowekwa sawasawa kwa kiti kitastahimili kuchuchumaa? Mwanagenzi asiyefundishwa kuuliza hivyo amejifunza mwili wa jirani, kisha anakuja kuufanyia kazi mwili wetu. Wenye kuchora picha hizo wapewe mifupa yetu waichore. Wataalamu wa kuwaonyesha tunao, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na kwingineko, na chuo cha wapasuaji wa Afrika ya mashariki, kati na kusini kina makao yake hapa hapa Arusha.

Rafiki yangu mmoja alinicheka niliposema haya. Alisema, "Mtu wa Katavi atasafiri zaidi ya kilometa elfu moja kufika Dar es Salaam kwa ajili ya nyonga; wewe wazungumza miwani?" Hoja yake ina uzito. Tumfikirie mkulima mwanamke wa Inyonga ambaye nyonga yake imemlemaza. Atauza mahindi, atafika Mpanda, atapanda treni kupitia Kaliua na Tabora, huku amelalia ubavu mmoja. Lakini umbali huo ndio unaonitia wasiwasi. Afikapo amekwisha kutumia kila kitu, na mtu aliyetumia kila kitu hasemi hapana. Ataambiwa aweke kidole gumba katika karatasi, naye ataweka. Hatauliza daktari huyu amefanya kazi hii mara ngapi, kwa sababu hajui kuwa swali hilo laruhusiwa, na kwa adabu tuliyolelewa nayo kumuuliza mkubwa hivyo ni kumvunjia heshima. Yeye ndiye yatima wa methali, ijapokuwa ana watoto saba.

Miwani haitamsemea. Yaweza kuupunguzia mkono wa daktari kosa, lakini haimwambii mama huyu kuwa mkono huo ni mpya. Hilo ni la daktari kulitamka kwa kinywa chake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya kidole kugusa wino: kwamba yeye ni mwanagenzi, kwamba amejizoeza mara kadha wa kadha katika picha na mara kadhaa kwa watu, kwamba mwalimu wake atakuwa amesimama pale, na kwamba mama akitaka mwalimu ashike kisu mwenyewe hatafukuzwa wala hatanuniwa. Wapo watakaosema kuwa wagonjwa wote watamtaka mwalimu. Labda. Nimewaona watu wetu wakimpa kijana mashua yao avuke nayo, baada ya kuambiwa kweli kuwa ni safari yake ya kwanza na kumwona baba yake ameketi nyuma.