PIMENI KWANZA, MSIHUKUMU
Somo: Yohana 9:1-7



Vijana wetu wanapenda magari ya mbio, basi tuwape mfano wao. Gari moja limebadilishwa: limefungiwa turbo, pampu kubwa ya petroli na nyaya za kengele ya wezi. Linatoka Rumonge, linapita Nyanza-Lac, na joto ni kali. Likikaribia Kabonga linazimika. Ukiwasha, injini inazunguka lakini haishiki moto.

Watu wanakusanyika. Mmoja anasema ni betri. Mwingine anasema injini imekufa. Wa tatu anasema ni adhabu ya kiburi cha mwenye gari. Na hakuna aliyefungua boneti!

Fundi wa kweli anauliza kwanza: Lilizimika ghafula au lilikohoa? Kitu gani kilifungwa mwisho? Injini ikizunguka kwa nguvu, anaiacha betri. Anatazama kama plagi zinatoa cheche, na kama petroli inafika. Pasipo cheche anafuata nyaya, hasa pale zilipokatwa na kuungwa. Gari likiwaka baada ya kupoa, anashuku kihisi cha mzunguko wa injini, kidude kidogo ambacho kikiharibika huweza kugoma kwenye joto. Mwenye kubahatisha hununua betri mpya, na gari hubaki pale pale.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, akamponya. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye siku 7 kimya, wakafanya vema. Walipoanza kumhukumu ndipo walipomwumiza.

Wapendwa, mambo haya yapo hapa makazini. Mtoto akiugua, jirani mzee anaitwa mchawi. Jamaa wakikosa jina kwenye orodha ya safari, watu husema wana dhambi ya siri. Mama akiacha ibada, anaitwa aliyerudi nyuma, kumbe hapati usingizi tangu vita. Sisi wakimbizi tumekatwa na kuungwa kama zile nyaya. Tutazamane pale palipokatika, kwa upole.

Tukumbuke Kagunga, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa 5 mwaka 2015. Maelfu ya Warundi walijaa ufukweni wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikaingia. Dawa yake haikuwa kumtafuta mwenye laana. Ilikuwa maji safi, vyoo, na maji ya chumvi na sukari kwa wagonjwa.

Basi juma hili, kabla ya kusema neno juu ya nyumba ya mtu, nenda ukaketi naye. Uliza: Ilianza lini? Nini kilibadilika? Leo mmekula? Ya hospitali yapelekwe hospitali. Ya njaa yapate chakula. Ya dhambi, mwenyewe atayaungama mbele za Mungu. Na yote tuyaombee, kwa maana maombi hayagombani na kipimo.

Mzee aliyeitwa mchawi bure anaweza kufukuzwa, hata kuuawa. Kanisa lisiwe mkono wa jambo hilo.

Bwana atupe macho ya kuona na ulimi wa kungoja. Amina.