Plagi ya Nne



Je, kosa ambalo halikumdhuru mtu bado ni kosa? Swali hili lilitujia tukiwa tumeinamia injini ya gari, nalo halijatuacha.

Wengi wetu huku Mbeya na Iringa tunatumia magari makuukuu ya petroli, na kazi ndogo ndogo tunazifanya wenyewe nyumbani. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Injini ya kabureta hupata petroli kuzidi hewa, na plagi hushika masizi meusi. Kuzibadili si kazi kubwa. Injini iwe imepoa. Uchafu ufutwe kwanza, usije ukaingia ndani ya silinda. Waya zitolewe moja moja, kwa kushika kofia na si waya wenyewe. Maana injini nyingi za silinda nne huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, na waya zikichanganyika gari haliendi. Plagi mpya huanzwa kwa vidole, ndipo spana ifuate.

Jioni moja kule Ipogolo, Iringa, tulibadili plagi tatu na waya zake. Ya nne, iliyo nyuma kabisa, ilikuwa imeng'ang'ania. Giza lilikuwa likiingia, nasi tumechoka. Tukasema, "Tatu zatosha." Plagi mpya ikabaki katika kiboksi chake dirishani.

Usiku uleule jirani akabisha hodi: mkewe ameshikwa na uchungu. Tukaondoka kwenda hospitali. Kwenye kilima cha kupandia mjini gari likakohoa, likazimika. Silinda moja ikilala kati ya nne, karibu robo ya nguvu imekwenda. Ikabidi wanaume tushuke na kutembea, akabaki dereva na mama na mkunga, ndipo gari likapanda polepole. Mama alijifungua salama. Baada ya siku chache jirani akatuletea kuku wa shukrani.

Kuku yule hakutupendeza. Mtu aweza kusema, "Mama mzima, mtoto mzima, kosa liko wapi?" Lakini kama mama yule angefia kilimani, tungejilaumu maisha yetu yote, na plagi ingekuwa ni ileile, na uvivu ni uleule. Matokeo hayakuwa mikononi mwetu. Kilichokuwa mikononi mwetu ni spana, nasi tuliiweka chini.

Je, basi kila mwenye gari bovu ana hatia? Hapana. Asiye na fedha ya plagi hana kosa. Akiombwa msaada husema wazi, "Gari langu ni dhaifu," na jirani huchagua. Sisi tulikuwa na plagi, na hatukusema neno. Kanisani tunapoungama hatutaji tuliyoyatenda tu, bali na yale tuliyoyaacha. Tumezoea kuyataja haraka haraka, kana kwamba hayana uzito.

Tulimwendea jirani tukamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sasa mmeiweka?" Tukajibu kwamba bado. Akainuka akaenda nasi, akashika taa, tukaipaka oili ile plagi, tukangoja, tukaifungua pamoja.

Kuku tulimla siku ile, pamoja naye.