Walima na Kiasi Chake

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila shukrani ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaruzuku waja wake vyakula vizuri akawahalalishia, kisha akawakataza kupita mpaka katika hivyo. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake, waliokuwa wakikirimu wageni kwa walicho nacho wala hawakujikalifu kwa wasicho nacho.

Ama baada ya hayo: karamu ya arusi asili yake ni ibada na furaha. Sharia imeiweka ili ndoa itangazwe na watu wale pamoja. Walakini ada imeigeuza ikawa mzigo juu ya vichwa vya Waislamu wengi wa pwani. Utamwona baba ana binti aliyeposwa na kijana mwema, na mahari yamekwisha kubaliwa. Kisha mwaka hupita na wa pili hupita, na nikaha haijafungwa, kwa kuwa fedha za karamu hazijapatikana. Kijana anangoja, na binti anangoja, na shetani hangoji. Au nikaha hufungwa upesi kwa fedha za kukopa, karamu ikaliwa kwa saa moja, na deni likabaki kuliwa kwa miaka. Basi ni juu ya kila mwenye kuozesha na mwenye kuoa ajue sharia imemtaka nini, na haikumtaka nini.

Hukumu ya walima

Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba walima ya arusi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Uchache wake kwa mwenye uwezo ni mbuzi mmoja. Na chochote alichofanyia mtu karamu, hata kisicho nyama, sunna imepatikana kwacho. Wakati wake huanza tangu kufungwa nikaha, na ulio bora ni baada ya bwana arusi kuingia kwa mkewe. Na wamesema wanavyuoni: mtu akialikwa siku tatu kwa arusi moja, kuitikia siku ya kwanza ni wajibu, siku ya pili ni sunna, na siku ya tatu ni makuruhu. Lau kuzidisha siku kungekuwa ni kuzidisha thawabu, hukumu hiyo isingeshuka daraja siku hata siku.

Basi sharia imetaka karamu moja. Haikumlazimisha mtu kulisha mtaa siku ya posa, na usiku wa hina, na siku ya kupamba, na siku ya nikaha, na siku ya saba. Vitabu vya fiqihi vimetaja pia karamu ya uzazi, na akika, na tohara, na kumaliza nyumba, na kurudi safari, na mtoto kuhitimu Qurani. Hizo nazo ni sunna, lakini daraja yake ni chini ya walima ya arusi. Na mizani itakayoelezwa hapa ni mizani yake pia.

Karamu za Mtume na Masahaba zake

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Abdurrahman bin Auf alipooa mwanamke wa Kiansari, Mtume (S.A.W.) alimwombea baraka akamwamrisha afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Na huyu Abdurrahman si mtu wa kuambiwa hajui kuchuma. Alifika Madina mikono mitupu, akakataa nusu ya mali aliyopewa na ndugu yake Saad bin Rabii, akaomba aonyeshwe soko tu, akafanya biashara akapata. Juu ya hayo hakuamrishwa kundi la mbuzi.

Na alipomwoa bibi Zainab binti Jahsh, Mtume alichinja mbuzi mmoja, watu wakala mkate na nyama wakashiba. Na Anas amesimulia kuwa hakumwona Mtume akifanya walima kubwa kuliko hiyo kwa mke yeyote katika wakeze. Basi karamu iliyokuwa kubwa kuliko zote katika nyumba ya Mtume ilikuwa ni ya mbuzi mmoja. Na baadhi ya wakeze aliwafanyia walima kwa mudi mbili za shayiri, nazo kwa kipimo cha leo ni yapata kilo moja na kitu.

Ama walima ya bibi Safiya, ilifanywa njiani katika kurudi Khaibari, mwaka wa 7 wa Hijra. Hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, kila mwenye kitu akaleta alicho nacho: huyu tende, huyu samli, huyu maziwa yaliyokaushwa, vikachanganywa vikaliwa, na hiyo ndiyo walima. Na katika arusi ya Abu Usaid, Sahaba wa Kiansari, bibi arusi mwenyewe ndiye aliyewahudumia wageni, na kinywaji alichompa Mtume baada ya kula ni tende alizoziroweka usiku katika chombo cha mawe.

Basi yule asemaye kuwa karamu ndogo ni aibu, na ajiulize aibu hiyo amempa nani. Hao waliokula tende na samli ndio watu bora wa umma huu, na mwenye karamu ni bora wa viumbe.

Mali ndiyo ihukumu hesabu ya wageni

Makosa mengi huanza hapa: mtu huandika kwanza majina ya watu, 300 au 500, kisha ndipo hutafuta fedha za kuwalisha. Ilikuwa haki yake kuanza kwa mali. Na aondoe kwanza yaliyo wajibu juu yake: mahari, kwani hayo ni haki ya mke, na wako wanaoyaweka deni ili wapate kununua mchele, kisha chakula cha nyumba yake, na kodi, na ada ya chuo cha watoto, na madeni ya watu yaliyokwisha fika. Kitakachobaki ndicho cha karamu.

Kisha apige hesabu ya gharama ya sinia moja la watu 4: mchele, nyama, samli, viungo, kuni na maji. Agawanye fedha zilizobaki kwa gharama hiyo, atajua ana masinia mangapi. Zikitosha masinia 20, wageni wake ni 80. Kwa kiasi cha kilo 1 ya mchele kwa watu 8, pilau hiyo itataka mchele kilo 10; na nyama ya mbuzi mmoja wa wastani, yapata kilo 10, itaenea. Tazama jinsi mbuzi mmoja aliyetajwa na Mtume anavyotosha watu 80 palipo na hesabu, na jinsi ng'ombe mzima asivyotosha pasipo na hesabu. Na wanawake wahesabiwe tangu mwanzo pamoja na waume, wala wasiwe ni watu wa kungojea masazo.

Kuhesabu wageni si ubahili. Amesimulia Abu Masuud kuwa mtu mmoja katika Ansari, jina lake Abu Shuaib, alimwamrisha mtumishi wake mchinja nyama apike chakula cha watu 5, kisha akamwalika Mtume awe mmoja wao. Mtu wa sita akafuatana nao. Mtume hakumwingiza kwa nguvu ya cheo chake. Alimweleza mwenye nyumba kuwa huyu amewafuata, akitaka atamruhusu na akitaka atarudi, na Abu Shuaib akamruhusu. Katika hadithi hii mna mafundisho mawili: kuwa mwenye karamu aweza kupika kwa idadi, na kuwa mgeni asilete mtu asiyealikwa ila kwa idhini.

Na akipenda kuwaita watu wengi kwa mali kidogo, njia ziko. Pilau ni nafuu kuliko biriani, kwani biriani hutaka nyama zaidi, na maziwa ya mgando, na vitunguu vingi vya kukaanga, na zafarani. Wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki wa msimu, au kwa mbaazi, ni chakula cha heshima walichokula wazee wa pwani hii katika arusi zao. Na asiyeweza kulisha mchana, na aite watu baada ya sala ya alasiri kwa kahawa, na halua, na tende, na kaimati. Kwani ilivyokuwa tende na samli imekuwa walima, hiyo nayo ni walima. Masufuria na majamvi yaazimwe mtaani, na jirani wapike pamoja, kama walivyochangiana Masahaba katika arusi ya bibi Safiya. Walakini mchango uwe ni wa hiari. Anayepelekewa kadi yenye kiwango kilichokwisha andikwa, akatoa kwa kuona haya mbele za watu, mali hiyo haikutoka kwa radhi ya nafsi. Na Mtume amefundisha kuwa mali ya Muislamu si halali ila kwa radhi ya nafsi yake.

Katika kupakua pia mna baraka. Ummu Sulaim, mama yake Anas, alimpelekea Mtume chakula cha tende katika chombo kimoja siku za arusi ya bibi Zainab. Watu walioalikwa walikuwa kama 300. Mtume akaamrisha wakae kumi kumi, na kila mmoja ale kilicho mbele yake. Wakala kundi baada ya kundi mpaka wote wakashiba. Kutosheka kwa chakula kile ni muujiza wa Mtume, lakini utaratibu wa kukaa makundi kwa makundi ni adabu iliyo katika uwezo wa kila mtu. Chakula kikipakuliwa kwa zamu, kinachobaki hubaki safi ndani ya sufuria, kikapelekwa kwa wagonjwa na mayatima. Kikimwagwa chote juu ya masinia kwa mara moja, kinachobaki hutupwa.

Deni la karamu

Kumfuata Mtume kwa kukopa jambo ambalo yeye hakuliamrisha si kumfuata. Wamesema wanavyuoni wa Kishafii kuwa asiyekuwa na dharura, naye hataraji njia ya kulipa, ni haramu kwake kukopa, ila mkopeshaji awe anaijua hali yake. Na karamu si dharura. Ikiwa mkopo wenyewe una ziada, kama ile mikopo ya simu inayorudishwa na nyongeza, basi hiyo ni riba. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 279, amewatangazia vita wasioacha riba. Ni ndoa gani hiyo inayotafutiwa baraka kwa kitu kilichotangaziwa vita?

Na deni si jepesi. Amesimulia Salama bin Akwai kuwa aliletwa maiti ili Mtume amsalie, akauliza kama ana deni, akaambiwa ana dinari 3 wala hakuacha kitu. Akawaambia Masahaba wamsalie wao. Mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo alipomsalia. Dinari 3 tu. Basi aliyekufa akaacha deni la masinia na mapambo ya ukumbi, na wale waliokula hakuna hata mmoja anayekumbuka ladha yake, watoto wake ndio watakaouza minazi ya baba yao kulilipa.

Fukara wako wapi?

Katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoipokea Bukhari na Muslim, chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha walima wanachoitiwa matajiri wakaachwa mafukara. Wanavyuoni wakaweka katika sharti za kuwajibika kuitikia mwaliko kuwa wasiwe wamehusishwa matajiri peke yao kwa ajili ya utajiri wao. Na hii ndiyo sababu karamu kubwa mara nyingi haina thawabu kubwa: hutazamwa nani ataleta tunzo nono, na jirani mvuvi ambaye ukuta wake unagusana na ukuta wa nyumba ya arusi husikia harufu ya pilau bila ya kupewa.

Tajiri hakukatazwa kulisha watu wengi, wala asifanye ubahili akasema anafuata sunna. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Furqan, aya ya 67, amewasifu wale ambao watoapo hawapiti kiasi wala hawafungi mikono, wakawa katikati ya hayo. Na katika Sura ya Israi amewataja wabadhirifu kuwa ni ndugu za mashetani. Tajiri akilisha 1,000 kwa mali yake mwenyewe, na mafukara wakiwamo, na chakula hakitupwi, na nia yake si fakhari, amefanya wema. Lakini na ajue kuwa jirani yake humtazama. Akipunguza yeye aliye nacho, humfungulia mlango asiyekuwa nacho.

Na walioalikwa nao wana wajibu wao. Waende kwa kutimiza haki ya ndugu, wasitie dosari chakula, wasibebe kitu ila wanachojua kuwa mwenye nyumba aridhia, na wakitoka wawaombee baraka mume na mke. Ulimi wa mgeni anayesema njiani kuwa nyama ilikuwa haba ndio unaompeleka baba wa arusi ijayo kwa mkopeshaji.

Basi wazee wa kila mtaa na wakae waafikiane: karamu moja, kwa mali iliyopo, na mafukara mbele. Mkubwa wao na aanze kwa arusi ya nyumbani kwake, kwani ada ya fakhari ilianzishwa na wakubwa, na wadogo hawawezi kuivunja peke yao.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wa Kiislamu ndoa nyepesi zenye kheri, awaepushe wazee wao na deni na riya, na atie baraka katika kidogo chao cha halali. Amin. Wallahu aalam.