Kumpigia Makofi Aliyetushinda

Je, mtu aliyeshindwa aweza kumsifu mshindi wake kwa moyo mweupe? Au sifa hiyo ni pazia tu la kuficha uchungu? Tutazame mfano mmoja.

Mwaka 1972, katika mji wa Reykjavik, kisiwani Iceland, watu wawili walishindania ubingwa wa dunia wa sataranji: Boris Spassky wa Umoja wa Sovieti, aliyekuwa bingwa, na Bobby Fischer wa Marekani. Nchi zao zilikuwa zikitazamana kwa jicho baya, na kila mmoja alibeba heshima ya taifa lake. Walipofika mchezo wa 6, tarehe 23 Julai, walikuwa sawasawa.

Fischer alizoea kuanza na askari wa mfalme. Siku ile alianza kwa upande mwingine, na kwa hatua yake ya tatu akamsukuma mbele askari wa malkia. Njia hiyo Spassky aliijua vema. Hata hivyo Fischer alimbana polepole, mpaka katika hatua ya 41 Spassky akakubali kwamba ameshindwa. Watazamaji wakapiga makofi. Kumbe, Spassky naye akapiga makofi pamoja nao!

Wengine watasema: huo ni unyonge, askari hamsifu adui vita ingali ikiendelea. Sisi twaona sivyo. Spassky hakuacha kupigana: katika mchezo wa 11 alimshinda Fischer. Ni kweli, mwisho alipoteza ubingwa, kwa pointi 8 na nusu dhidi ya 12 na nusu. Lakini makofi yake hayakumnyang'anya kitu. Aliyemshinda ni mchezaji aliyecheza vizuri zaidi.

Maana kuna mambo mawili, nasi twayachanganya mara nyingi: kutaka kushinda, na kusema kweli juu ya kazi iliyofanywa. La kwanza ni haki yetu. La pili ni deni letu. Kazi njema haigeuki kuwa mbaya kwa sababu imetuumiza sisi. Anayekataa kuisifu hamwibii mshindi. Ajiibia mwenyewe macho ya kuona.

Basi, wasomaji wapenzi, tutakaposhindwa kesho, katika mpira, katika mtihani, au katika uchaguzi wa haki, tujiulize: mikono yetu i wapi? Imekunjwa ngumi, au yaweza kupiga makofi?