Dinari Mbili kwenye Tope

Nilikwama kwa uvivu wa kuvua viatu. Ilikuwa Aprili, kwenye njia ya udongo inayoacha barabara ya Musoma na kushuka Ghuba ya Speke. Mimi, mwalimu wa dini mwenye miaka 53, nilikuwa na siku ya tatu tu kwenye usukani wa Land Cruiser mkonga.

Mzee anayenifundisha alishaniambia: ukikuta tope, shuka ulipime kwa miguu, unganisha magurudumu yote manne kabla ya kuingia, si baada ya kunasa, gia ya pili, mguu utulie kwenye mafuta. Udongo mweusi wa mbuga hauna mzaha. Kiangazi hupasuka nyufa, masika huvimba ukanata kama ugali mbichi.

Nilitazama viatu vyangu vya kanisani, nikaingia hivyo hivyo. Katikati nikashikwa na woga, nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba, gari likalalia tumbo.

Vijana wanne wakatokea na majembe, utadhani walikuwa wanatungoja. "Shikamoo mama. Elfu ishirini tu."

Nilikasirika. Jumapili ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto wa kipaimara habari za Msamaria Mwema, aliyempeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Wema ukipangiwa bei, bado ni wema?

Mzee akacheka. "Mwalimu, yule mwenye nyumba ya wageni si alilipwa dinari mbili?"

Nikanyamaza. Miaka yote nafundisha Luka sura ya 10, sijawahi kumfikiria huyo. Msamaria aliondoka kesho yake. Aliyebaki na majeruhi ni mtu wa biashara. Hatumsifu kwa kuwa alipokea hela. Lakini hela hununua kitanda na chakula. Upole wa mkono unaogusa kidonda haumo kwenye bei. Ujira na thawabu, nadhani, vinaweza kulala nyumba moja.

Vijana walichimba, wakapunguza upepo wa matairi, wakatandika matawi, wakasukuma. Nikalipa, nikashukuru kwa Kisukuma: wabeja. Mmoja wao, asiyetudai tena chochote, akatangulia peku mbele ya gari, akipima tope kwa miguu na kunielekeza kwa mkono: kushoto, kulia, taratibu.

Tulipofika pakavu nikashuka nimwongeze kitu. Alishageuka anakimbia kurudi kwa wenzake. Gari jingine lilikuwa linakuja.